Kijana aliyevunja duka langu hakufungwa: hiyo nayo ni adhabu?

Swali la msomaji: "Kijana mmoja alivunja duka langu usiku, akabeba bidhaa na kuharibu mlango. Alikamatwa, akakiri kosa. Nilitarajia afungwe, lakini hakimu amemwamuru anilipe fidia kwa awamu na afanye kazi bila malipo hospitalini kwa saa 200, chini ya afisa wa uangalizi. Sasa nasikia kuna mswada bungeni wa kuzipanua adhabu za namna hii. Hii ni adhabu kweli, au tunawabembeleza wezi? Kama adhabu mbadala zinafaa, mbona magereza bado yamefurika? Na asiponilipa, nimwendee nani?"

Dada, pole kwa yaliyokupata. Kuvunjiwa usiku ni zaidi ya hasara ya bidhaa. Mtu hukosa usingizi, huanza kumshuku kila kijana anayepita mlangoni, na hayo hayaandikwi kwenye hati yoyote ya mashtaka. Naanzia hapo kwa sababu mijadala mingi ya adhabu mbadala humzungumzia mkosaji mwanzo hadi mwisho, huku aliyekosewa akitajwa kama shahidi wa kwanza tu. Mswada unaokusahau wewe una kasoro kubwa, na nitalirudia hilo.

Tuangalie kwanza kifungo ulichokitarajia. Tuseme angepewa miezi sita. Katika miezi hiyo asingeweza kuvunja duka la mtu, na hilo ni jambo la maana, silidharau. Lakini mlango ungeutengeneza kwa pesa zako, maana mfungwa hana kipato cha kukulipa. Chakula chake, ulinzi wake na matibabu yake vingetoka kwenye kodi, yako ikiwemo. Kama alikuwa na kibarua, kingekwenda. Kama alikuwa amepanga chumba, mwenye nyumba angempangisha mwingine. Angelala miezi yote sita bega kwa bega na watu waliobobea katika kazi hiyo hiyo ya kuvunja. Muda huo ni mfupi mno kumfundisha mtu ufundi au kumtibu uraibu, lakini unatosha kabisa kumpotezea kazi, makazi na jamaa waliokuwa wakimwonya. Kisha asubuhi moja angetolewa getini akiwa hana kitu mfukoni, ana rekodi ya jela, na anarudi mtaa ule ule uliko wewe.

Hayo hayasemwi kwa huruma tu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021, uliojumlisha tafiti 116, ulilinganisha watu waliofungwa na watu waliopewa adhabu nje ya gereza. Matokeo yake ni kwamba kifungo, kikilinganishwa na adhabu ya nje, hakipunguzi kurudia makosa. Ama hakileti tofauti, ama kinaongeza kidogo. Nakuomba uzingatie hilo "kidogo". Atakayekuambia kwamba adhabu mbadala inamgeuza mwizi kuwa mtu mwema kwa miezi mitatu anakudanganya. Ninachodai ni kwamba, kwa kosa kama hili, kifungo kifupi hakikupi usalama zaidi ya adhabu ya nje, na juu ya hapo kinakunyima fidia yako.

Sasa hizo saa 200. Ukizigawa kwa zamu za saa nane unapata siku 25. Kama ana kibarua siku za kazi na anaruhusiwa kutumikia Jumamosi peke yake, hizo ni Jumamosi za karibu nusu mwaka. Kila siku anatakiwa kufika kwa wakati, kusaini daftari la mahudhurio, kupangiwa kazi, kufanya hadi muda uishe na kusaini tena, na msimamizi wa pale hospitalini anathibitisha kwa saini yake. Afisa wa uangalizi anapita bila taarifa kuangalia kama aliyesaini yupo kweli. Wanaomfahamu wanamwona akisukuma mkokoteni wa taka akijua kwamba wanajua yupo pale kwa nini. Muda wake si wake tena mpaka saa ya mwisho itimie. Mimi hilo naliita adhabu bila kusita.

Lakini kila neno katika maelezo hayo linategemea daftari, msimamizi na afisa. Pasipo hao, amri ya mahakama inabaki msamaha ulioandikwa kwenye karatasi, na hapo hofu yako ya kubembeleza wezi ni ya haki kabisa. Kwa hiyo wabunge wakijadili mswada, jambo la kuwauliza mapema ni idadi ya maafisa wa uangalizi na usafiri wao. Afisa mmoja mwenye mafaili mamia, bila hata pikipiki, hawezi kumsimamia mtu yeyote.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1841 huko Boston, Marekani, fundi viatu aitwaye John Augustus alimwekea dhamana mlevi aliyekuwa akielekea kufungwa, akaahidi kumrudisha mahakamani baada ya wiki tatu akiwa amebadilika. Alimrudisha akiwa timamu, na hakimu akamtoza faini ya senti moja pamoja na gharama za kesi. Augustus aliendelea na kazi hiyo hadi kufa kwake mwaka 1859, akiwa amewasimamia watu karibu 2,000, na jimbo la Massachusetts likatunga sheria ya uangalizi mwaka 1878. Adhabu ya kazi za kijamii kwa saa zilizohesabiwa ilikuja baadaye, kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1972 iliyoweka saa 40 hadi 240. Barani Afrika, Zimbabwe ilianza mpango wake mwanzoni mwa miaka ya 1990 chini ya kamati ya taifa iliyoongozwa na jaji, ikiwalenga hasa wale ambao wangefungwa mwaka mmoja au chini yake. Novemba 1997 nchi kadhaa zilikutana Kadoma, Zimbabwe, zikatoa azimio la kuueneza mfumo huo. Kenya ikatunga sheria yake mwaka 1998, Uganda mwaka 2000 na Tanzania mwaka 2002.

Hapo ndipo swali lako la pili linauma. Kama sheria zipo miaka yote hii, mbona magereza yamejaa?

Sababu ya kwanza ni ngumu kwetu tunaotetea mageuzi haya: mara nyingi adhabu mbadala hupewa watu ambao wasingefungwa hata kidogo. Uingereza ilipoanzisha kifungo kilichoahirishwa, kwa sheria ya mwaka 1967, lengo lilikuwa kupunguza wafungwa. Hakimu anatamka kifungo, kisha anakisimamisha. Mkosaji akitulia, haendi jela. Kilichotokea ni kwamba mahakimu walianza kukitumia pia kwa watu ambao zamani wangewatoza faini au kuwaweka chini ya uangalizi. Watu hao walipoteleza tena, kile kifungo kilichokuwa kikiwaning'inia kiliamshwa na kuongezwa juu ya adhabu mpya. Mtu aliyestahili faini akajikuta ndani. Dawa iliyotungwa kupunguza wafungwa ikaleta wafungwa wengine.

Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo mswada wowote unapaswa kupimwa nalo kuliko yote. Kuongeza kifungu kinachosema "mahakama inaweza kutoa adhabu mbadala" ni rahisi, na peke yake hakibadilishi kitu, kwa sababu hakimu anaanza kufikiri kutoka gerezani na kutafuta sababu ya kumtoa mtu. Sheria inayofanya kazi humgeuza: anaanza nje, na akitaka kumpeleka mtu ndani lazima aandike kwa nini hakuna kingine kinachotosha.

Ujerumani Magharibi ilifanya hivyo mwaka 1969. Sheria ilisema kifungo cha chini ya miezi sita kitolewe kwa hali za pekee tu, pale ambapo hakiepukiki. Mwaka 1968 mahakama zake zilikuwa zimetoa vifungo vifupi vya namna hiyo zaidi ya 100,000. Mwaka 1970 vilikuwa takriban 11,000. Nafasi yake ilichukuliwa hasa na faini. Scotland imefuata mkondo huo siku za karibuni, kwanza kwa vifungo vya miezi mitatu, na kuanzia 2019 kwa vifungo vya hadi miezi 12.

Ufini ilibuni njia ambayo naipenda zaidi, na nitaieleza polepole kwa sababu inaweza kuigwa popote. Ilipoanza kujaribu kazi za kijamii mwaka 1991, iliwagawia mahakimu uamuzi katika hatua mbili. Kwanza hakimu anaamua kesi kana kwamba kazi za kijamii hazipo kabisa: anastahili kifungo cha kutumikiwa gerezani, ndiyo au hapana, na cha muda gani? Akiisha kutamka kifungo, na kikiwa hakizidi miezi minane, ndipo anaruhusiwa kukibadilisha kuwa saa za kazi, siku moja ya kifungo kwa saa moja ya kazi. Kwa mpangilio huo hakimu hawezi kumpa kazi za kijamii mtu aliyestahili faini, kwa kuwa mlango wa hatua ya pili haufunguki kabla ya ile ya kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Ufini ilikuwa na wafungwa, kwa kulinganisha na idadi ya watu, karibu mara nne ya majirani zake wa Skandinavia. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imeshuka hadi kulingana nao, baada ya miongo ya kupunguza adhabu za wizi, kupanua vifungo vya masharti na faini, na mwishoni hizo kazi za kijamii. Uhalifu huko ulipanda na kushuka sawasawa na kwa majirani ambao hawakubadilisha magereza yao kiasi hicho.

Jambo jingine linalojaza magereza ni masharti yenyewe. Mkosaji anapewa orodha ndefu: aripoti kila wiki, asinywe pombe, asitoke eneo fulani, alipe ada, asikose semina. Akikosa moja anarudishwa mahakamani, na mahakama inamfunga. Ripoti ya mwaka 2019 kuhusu magereza ya majimbo ya Marekani ilionyesha kwamba asilimia 45 ya walioingizwa gerezani walifikishwa huko kwa kuvunja masharti ya uangalizi au ya kuachiwa mapema, na baadhi yao hawakuwa na kosa jipya lolote. Masharti yawe machache, yahusiane na kosa, na kukosea kuwe na ngazi: onyo, kisha saa za ziada, kisha kuitwa mbele ya hakimu, na gereza mwishoni kabisa. Kwa kijana wako, kukosa Jumamosi moja kwa sababu mama yake amelazwa si sawa na kutoroka mji.

Bangili ya elektroniki nayo imo katika miswada mingi siku hizi, na wanasiasa wanaipenda kwa kuwa inaonekana ya kisasa. Jaji Jack Love wa Albuquerque, Marekani, aliitumia mwaka 1983. Ina kazi yake, hasa pale mkosaji anapotakiwa kukaa mbali na mtu fulani. Lakini bangili inaonyesha mtu yuko wapi tu. Haimtafutii kazi wala haimpunguzii ulevi. Na pale ambapo mvaaji hutozwa ada ya kuivaa, mwenye nacho anakaa nyumbani na maskini anakwenda jela kwa kosa lile lile. Naipinga ada hiyo moja kwa moja.

Faini ina ugonjwa huo huo wa kuwaumiza maskini, na imesahaulika katika mjadala huu ingawa ndiyo adhabu mbadala kongwe kuliko zote. Sheria ikisema "faini fulani au kifungo cha miezi mitatu", basi kwa asiye na pesa hiyo ni hukumu ya kifungo iliyofunikwa. Watu wengi wamo ndani kwa kushindwa kulipa kiasi ambacho mwingine angekitoa mfukoni bila kuhesabu. Ufini ililitatua hilo tangu mwaka 1921 kwa faini ya siku: uzito wa kosa unaamua idadi ya siku, na kipato cha mkosaji kinaamua thamani ya kila siku. Ujerumani iliuanza mfumo huo mwaka 1975. Uingereza iliujaribu mwishoni mwa mwaka 1992, ukapigiwa kelele na kufutwa mwaka uliofuata, kwa hiyo usidhani ni jambo linalopita bila mapambano.

Halafu kuna mahabusu. Duniani wamo gerezani watu zaidi ya milioni 11, na takriban theluthi yao bado hawajahukumiwa. Hao, mageuzi ya adhabu hayawagusi hata kidogo, kwa kuwa hakuna adhabu iliyotolewa bado. Wanasubiri upelelezi, wanasubiri tarehe, au wameshindwa dhamana. Nchi inaweza kuwa na sheria nzuri ya kazi za kijamii na bado gereza lake likawa limejaa watu wanaolala kwa zamu. Mswada unaotaka kupunguza msongamano na haugusi dhamana umeacha theluthi nzima ya tatizo nje. Vivyo hivyo mswada unaopanua adhabu mbadala huku sheria nyingine zikibaki na kiwango cha chini cha kifungo kwa kosa dogo: hakimu atakuwa na nia njema na mikono iliyofungwa.

Nilisema nitakurudia wewe. Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Elmira, Ontario, Kanada, vijana wawili waliokuwa wamelewa pombe walizunguka usiku wakiharibu mali za watu 22: matairi, madirisha, magari. Walikiri. Afisa wa uangalizi aitwaye Mark Yantzi alimpendekezea jaji jambo ambalo halikuwa kwenye sheria: kabla ya hukumu, vijana waende wakaonane na waliowaharibia. Jaji alisita, kisha akakubali. Wakaenda nyumba kwa nyumba, afisa akisimama kando, wao wakigonga mlango, wakijitambulisha kwamba ndio waliofanya, na kusikiliza. Waliambiwa maneno makali. Waliandika hasara ya kila mmoja, wakaamriwa kulipa, na katika miezi michache walirudi mlango kwa mlango wakiwa na malipo. Kutoka hapo ulikua utaratibu tunaouita leo haki rejeshi, na New Zealand iliingiza vikao vya familia katika sheria yake ya watoto na vijana mwaka 1989.

Ninachokiona kwenye kisa hicho ni kwamba waliokosewa walipata nafasi ya kuuliza maswali ambayo mahakamani hayaulizwi. Kwa nini nyumba yangu? Ulikuwa unanijua? Utarudi? Nadhani na wewe unayo maswali ya aina hiyo. Una haki ya kuomba kikao kama hicho kama sheria ya kwenu inakiruhusu, na una haki ile ile ya kukataa. Hakuna anayepaswa kukushinikiza "kusamehe" ili mkosaji apate nafuu. Ukutane naye kwa hiari yako, na mtu uliyemchagua awe pembeni yako.

Kwa sababu hiyo hiyo siungi mkono kupeleka kila kosa kwenye upatanishi. Mume anayempiga mke akisuluhishwa naye sebuleni mbele ya wazee, mara nyingi mke atanyamaza kwa hofu, na kunyamaza kwake kutaandikwa kuwa maridhiano. Ubakaji, mauaji, ujambazi wa silaha, na ukatili unaorudiwa vinahitaji mtu atengwe na watu anaoweza kuwadhuru. Gereza lipo kwa ajili ya hao. Kila kitanda kinachokaliwa na mtu aliyeshindwa kulipa faini ndogo kinapunguza uwezo wa gereza kumshughulikia huyo wa hatari, na maafisa wake wanachoka kwa kazi isiyo yao.

Sasa swali lako la mwisho, na hili lifanyie kazi wiki hii. Nenda masjala ya mahakama ukaombe nakala ya amri iliyotolewa. Isome uone kiasi cha fidia, tarehe za awamu na pa kulipia. Mara nyingi pesa hupitia mahakamani. Kama ni hivyo, usipokee chochote mkononi, hata akikujia kwa heshima, maana pasipo stakabadhi mtabishana. Chukua jina la ofisi ya afisa wa uangalizi anayemsimamia na umwandikie barua fupi kumjulisha kwamba wewe ndiye mlalamikaji na ungependa kuarifiwa akikosa awamu. Tarehe ikipita bila malipo, usimfuate kijana nyumbani kwake. Mwandikie afisa, nakala kwa mahakama iliyotoa amri, ukitaja namba ya kesi na awamu iliyokosekana. Kazi ya afisa ni kuchunguza kama ameshindwa au amekataa, na hakimu anaweza kubadilisha ratiba, kuongeza masharti, au kuifuta amri na kumhukumu upya kwa kosa lile la mwanzo, kifungo kikiwemo.

Kama afisa hajibu ndani ya muda wa kawaida, omba kuonana na msimamizi wake, na umpelekee mbunge wako nakala ya barua zako wakati huu mswada ukiwa bado kwenye kamati. Kamati za bunge hupokea maoni ya wananchi, na maoni ya mtu aliyevunjiwa duka, anayesubiri awamu ya tatu ya fidia yake, yana uzito kuliko ya kwangu.